Maji Kwenye Ekzosi

Ambrosi Mbonde alikuwa na miaka hamsini na minane, na thelathini na mitano kati ya hiyo aliimaliza ameinama juu ya injini za watu wengine. Ukisikia mashine ya kusaga inaunguruma Miteja, Somanga, au kijiji chochote cha upande ule kinachokula ugali, ujue mkono wake umepita humo. Angeweza kusimama barabarani, akaitegea sikio mashine iliyo nyuma ya nyumba tatu, akasema, "Nozeli hiyo inavuja," na kesho yake mwenye mashine akaja kumbishia hodi. Watu walimheshimu kwa hilo, na yeye heshima hiyo hakuikataa hata siku moja.

Ufundi alifundishwa na Bruda Gregori wa misheni, mtu mkali aliyekuwa na vidole vifupi na maneno mafupi zaidi. Bruda alimwachia sheria moja, na Ambrosi aliishika kuliko amri zote kumi: fundi haulizi mwenye mashine, fundi anaiuliza mashine. Ukimuuliza mwenye mashine, alisema Bruda, atajua hujui, na akishajua hujui atasimama nyuma yako siku nzima akikufundisha kazi. Wahenga wanasema kuuliza si ujinga, lakini hao hawakuwahi kufungua injini mbele ya wanawake ishirini wenye ndoo za mahindi.

Bahari hakuwahi kuipanda. Alizaliwa vilimani, upande wa Kipatimu, akaoa Miteja, na samaki alimjua kwenye sahani. Maji aliyoyaheshimu ni ya kisima na yale ya kwenye pipa, maana mashine zake za zamani hupozwa kwa pipa la maji lililosimama pembeni, mpira mmoja ukiingia chini na mwingine ukitoka juu. Alipoulizwa kwa nini hajawahi hata kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani, alijibu kwamba hakuna mahindi ya kusaga huko njiani.

Januari hii alikuwa Kilwa Masoko akimalizia mashine ya mtu, mwanamke mmoja akaja amejifunga kanga kiunoni juu ya suruali, mikono imeiva kwa jua na kamba. Alijitambulisha kuwa ni Siti Abdurahmani, nahodha. Alikuwa na boti ya matanga gatini, ameileta kutoka Dar na anaipeleka Lindi kwa mwenyewe, daktari mmoja mstaafu. Injini ilikuwa imeanza kukohoa tangu Mafia, na fundi wa boti pale Masoko alikuwa msibani.

"Nimeambiwa wewe ni wa mashine za unga," alisema Siti.

"Dizeli ni dizeli, Bi Siti," alijibu Ambrosi. "Haijui kama inasaga au inaogelea."

Na kwa hilo alikuwa karibu sana na ukweli. Aliikuta injini imekaa chini ya ngazi ndani ya boti, ndogo, safi, imepakwa rangi kama ya kwenye picha. Dizeli ilikuwa imeingia maji. Akamwaga uchafu, akabadilisha chujio la mafuta, akatoa upepo kwenye mabomba, nozeli moja baada ya nyingine, na kabla ya adhuhuri ikawa inaunguruma bila kigugumizi. Siti alisikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akamwambia kwamba tangi bado lina uchafu, utarudi tu, na kama hana haraka amsindikize hadi Lindi, siku mbili, nauli ya basi ya kurudi juu yake.

Ambrosi alitaka kukataa. Lakini binti yake Benadetha alikuwa ameolewa Mitwero, pale pembeni ya mji wa Lindi, na alikuwa amejifungua mtoto ambaye babu yake hajamwona. Akapiga ishara ya msalaba, akavua viatu kama alivyoelekezwa, akapanda.

Walitoka alfajiri ya kesho yake kwa injini, yeye akiwa chini na spana mkononi anaisikiliza. Walipofika nje, Siti akapandisha matanga mawili, akaja, akazima injini.

Ambrosi aliruka kama aliyepigwa kofi. Kwake yeye, mashine ikinyamaza ni msiba. Alipanda ngazi mbio kuuliza kimeharibika nini, akasimama mlangoni. Boti ilikuwa inakwenda. Ilikuwa inakwenda kwa kasi kuliko mwanzo, imelalia ubavu, maji yanapita pembeni yanachemka meupe, na hapakuwa na kitu kinachoungua. Hapakuwa na moshi, hapakuwa na mtetemo chini ya nyayo. Alitazama juu, akaona nguo nyeupe imejaa upepo hadi imekuwa ngumu kama ukuta. Miaka thelathini na mitano aliamini kwamba kitu kizito hakisogei mpaka kitu kingine kiungue. Alikaa chini polepole, bila kuamini, akashika ukingo kwa mikono miwili.

"Inakunywa lita ngapi hii?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza.

Siti alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga.

Kisha alimwonyesha kwa kidole, nyuma, kaskazini magharibi. Asubuhi ilikuwa safi. Juu ya mstari wa mikoko palikuwa na mstari mwingine, wa rangi ya buluu hafifu, na Ambrosi alichukua muda kuelewa kwamba ile ni milima ya kwao. Pale ndipo alipozaliwa, alipobatizwa, alipozika wazazi wake wote wawili, na sasa mahali pote pale palifunikwa na kidole gumba ukikinyoosha mbele ya jicho. Alikijaribu kidole. Pakafunikwa. Machozi yalimtoka na hakujisumbua kuyaficha, maana hakuwa na huzuni yoyote. Alikuwa anaogopa ukubwa wa dunia, na uoga huo ulikuwa mtamu.

Siku ile nzima hakushuka chini. Alimwona Siti akisoma maji kama watu wanavyosoma barua: pale pana kijani, pana fungu la mchanga, pale maji yamekunjamana, upepo unakuja, shika kamba hii. Na upepo ulikuja kweli, kila mara. Hakuwa na karatasi mkononi. Alisema pwani hii ameisafiri miaka thelathini na moja, kwanza na baba yake, kisha na mume, kisha peke yake, na yote iko hapa, akajigusa paji la uso.

Jioni waliingia ghuba ya Kiswere kulala, na upepo ulipokatwa na miti, Siti akawasha injini. Hapo ndipo Ambrosi alipoinama nyuma ya boti na kuona kitu kilichomkata maini. Ekzosi, lile bomba la kutolea moshi, ilikuwa inatema maji. Si matone, ilikuwa inatema kwa kila pigo, pwa, pwa, pwa.

Fundi yeyote wa mashine ya unga atakuambia maana yake. Maji yakitoka kwenye ekzosi, gasketi inayoziba maji imekufa, maji yameingia ndani ya injini, na injini hiyo ina siku chache. Na nani aliyeigusa mwisho? Yeye. Alijiona amesimama mbele ya kijiji kizima, uchi.

Neno moja tu lingetosha: "Bi Siti, haya maji vipi?" Lakini Bruda Gregori alikuwa amekaa shingoni mwake kama kawaida. Wakati Siti akiwa chini anahangaika na mambo yake, Ambrosi alikaa juu anatazama mikoko na kuiuliza mashine kwa mawazo, usiku ukamkuta hapo.

Alfajiri, Siti akiwa anaswali mbele ya boti, Ambrosi alishuka na tochi. Akafungua kifuniko cha rejeta ndogo, akakuta maji yake yamejaa, hayajapungua hata tone. Basi gasketi ni nzima! Akafuata mabomba kwa kidole, na nyuma ya injini akaona mpira mnene unaotoka kwenye tundu la sakafu, tundu lililotobolewa moja kwa moja hadi baharini, unaingia kwenye injini. Alitikisa kichwa. Maji ya chumvi, kwenye chuma! Mjinga gani aliyefanya kazi hii? Palikuwa na valvu kwenye tundu. Akaifunga, akaikaza vizuri, akapanda juu moyo mweupe kabisa. Mshukuru Mungu, alijiambia, umeliona kabla halijaleta hasara.

Siti alimaliza, akawasha injini, akaenda mbele kuvuta nanga. "Fundi!" aliita kutoka huko. "Nitazamie ekzosi, iko sawa?"

Ambrosi aliinama, akaona moshi mkavu, mwepesi, wa kupendeza. "Safi kabisa!" alijibu, na kifua kikamfura.

Dakika kumi baadaye, wakiwa wanatoka mdomoni mwa ghuba, ikasikika harufu ya mpira unaoungua, na kengele ikaanza kulia chini. Siti alizima injini kwa mkono mmoja na kuvuta kamba ya tanga kwa mwingine. Boti ilipotulia akamwachia Ambrosi usukani, akashuka. Alikaa huko muda mrefu. Alipopanda, uso wake ulikuwa umebadilika, na kiganjani alikuwa na vipande vyeusi vya mpira.

"Pampu ya maji ya bahari," alisema. "Hii feni yake ya mpira huwa inavuta maji, yanapoza injini, yanatokea kwenye ekzosi. Bila maji inajisaga yenyewe kama hivi. Na sina nyingine. Ya akiba nimeikuta imeoza."

Ambrosi alivitazama vile vipande vya mpira.

"Si kosa lako," Siti aliendelea taratibu. "Wewe wa nchi kavu, utajuaje kwamba ilitakiwa kutema maji? Kosa ni langu. Jana jioni nilifunga valvu nisafishe chujio, lilikuwa limejaa majani. Ningekula yamini kwamba niliifungua. Naona mkono wangu kabisa unaifungua. Lakini nimeikuta imefungwa, tena imekazwa."

Akakaa kwenye ubao, akavitupa vile vipande baharini.

"Mama yangu alianza hivi hivi," alisema. "Alikuwa anaapa kwamba ameweka chumvi. Anauona mkono wake unaweka. Mwaka uliofuata alikuwa ananiita kwa jina la dada yake. Baharini huwezi kuwa hivyo, fundi. Utaua watu. Nikifika Lindi nampigia daktari atafute nahodha mwingine. Hii ndiyo ya mwisho."

Hapo, msomaji, pangekuwa mahali pazuri pa mtu mzima kufungua kinywa. Ambrosi hakukifungua. Alikuwa na maneno yote, yamepangwa ulimini, na kila alipotaka kuyatoa alisikia miaka thelathini na mitano ikimcheka: fundi Mbonde kaua injini kwa kuziba maji yake! Alijidai kwamba anasubiri wakati mzuri. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kwanza humpa nafasi ya kuona haya.

Upepo ulikuwa mzuri, kaskazi tupu mgongoni, na boti iliruka kuelekea kusini. Ndiyo iliyokuwa adhabu. Kwa maana siku ile bahari ilizidi uzuri wa jana. Karibu na Mchinga, pomboo walitokea kushoto, wengi asioweza kuwahesabu, wakaja kucheza mbele kabisa, wanageuka upande na kumtazama kwa jicho moja, ngozi inang'aa, pumzi zao zinasikika. Ambrosi alijikuta amepiga magoti bila kukusudia. Alitaka kupiga kelele ya furaha. Akageuka kumwambia Siti, na kumkuta anawatazama kama mtu anayewatazama ndugu zake kituo cha basi, anayesafiri na hatarudi. Yeye alikuwa amepewa haya yote kwa siku mbili, na mwenye nayo anayaacha kwa sababu yake.

Mlangoni mwa ghuba ya Lindi, saa nane mchana, upepo ukakata. Ulikatika mara moja, matanga yakaning'inia kama nguo kwenye kamba. Maji yalikuwa yanakupwa, mto na ghuba nzima vinamwagika nje, na mkondo ukaanza kuisukuma boti ubavuni, kidogo kidogo, kuelekea kwenye mwamba ambako mawimbi yalikuwa yanapasuka meupe. Nanga haikuweza kushika. Chini palikuwa mbali.

"Kuna njia," alisema Siti. Alikuwa anaugeuza usukani kidogo huku, kidogo kule. "Kuna kijia cha ndani chenye maji ya kutosha na hayaendi kasi. Unaweka ule mnara juu ya paa jekundu, halafu unakata... unakata kulia. Au kushoto?" Alifumba macho. "Nimeipita mara mia. Naona kushoto. Lakini hata ile valvu niliona nimeifungua."

Ambrosi alimtazama yule mwanamke, aliyekuwa anasoma bahari kama barua, hathubutu sasa kuuamini hata mkono wake mwenyewe. Na akauona mwamba, umekaribia kiasi cha kuona kaa wakikimbia juu yake.

"Uliifungua," alisema.

"Nini?"

"Valvu. Uliifungua, dada. Niliifunga mimi, alfajiri, ukiwa unaswali. Niliona maji kwenye ekzosi nikadhani ni ugonjwa. Sikukuuliza kwa sababu naona aibu kuuliza. Halafu ukajilaumu wewe, nikakaa kimya tangu asubuhi. Kichwa chako ni kizima. Ni kushoto. Kama unaona kushoto, ni kushoto."

Siti alimwangalia. Kilichopita usoni mwake Ambrosi hakuweza kukitolea hesabu, hata baadaye. Kwanza haukuwa msamaha, hilo ni hakika.

"Mtu mzima ovyo!" alipasuka. "Mvi zote hizo! Ningekuwa na mwiko hapa ningekupasua! Siku nzima! Siku nzima umekaa unatazama pomboo!" Alimtukana kwa Kiswahili, akamtukana na kwa Kimachinga, na katikati ya matusi hayo mgongo wake ulinyooka, mkono ukatulia. "Kushoto," alisema. "Bila shaka ni kushoto. Kushoto hadi uione nyumba ya pili, kisha moja kwa moja. Lakini utanipeleka kwa kitu gani, wewe mharibifu, kwa pumzi zako?"

"Kwa pipa," alisema Ambrosi.

Hakusubiri kuruhusiwa. Alishuka, akauchomoa kwenye pampu iliyokufa mpira unaoingia injini, akauunga kwa klampu mbili na mpira mwingine mrefu. Alichukua dumu la lita ishirini, akalikata juu kwa kisu, akalitoboa chini, akasukumiza humo ncha ya pili ya ule mpira mrefu, akalifunga kamba juu kwenye mlingoti, juu kuliko injini. Ndivyo mashine za kwao zilivyonywa maji tangu babu na babu: pipa juu, injini chini, mengine maji yenyewe yanayajua. Akafunga kamba kwenye ndoo, akaitumbukiza baharini, akavuta, akamimina. Ndoo ya pili. Ya tatu.

"Washa! Polepole!"

Siti akapiga bismillahi, akawasha. Ambrosi alimimina, akakimbia nyuma, akainama. Moshi. Moshi mkavu tu. Akarudi, akamimina tena, akarudi nyuma. Na ekzosi ikakohoa, ikatema: pwa. Kisha pwa, pwa, pwa.

Hajawahi kuona kitu kizuri kama hicho. Alikaa hapo kwa nukta moja nzima anayatazama yale maji machafu ya moto yakiruka, bahari ikiingia kwenye chuma na kutoka na kukiacha hai, na akaelewa kwamba jana alikitazama kitu hiki hiki na kukiona kifo. Kisha Siti akamfokea kwamba dumu limekwisha, akakimbia.

Alivuta ndoo dakika hamsini. Hakuona mnara wala paa jekundu. Aliona ndoo, na kila alipoinua kichwa alimwona yule mwanamke amesimama wima usukanini, hamtazami, anaipitisha boti kwenye kijia cha maji tulivu chenye upana wa barabara ya Masoko, mwamba upande huu, mchanga upande ule, midomo yake inasema kitu. Hakusikia anasema nini kwa sababu ya injini. Mikono ilimchubuka, mgongo ukamwaka, na kila kiungo chake kilikuwa kinashukuru.

Walitia nanga mbele ya mji jua likiwa bado juu. Siti alizima injini, na ule ukimya ukaja tena, ila mara hii Ambrosi hakuruka. Alibaki amekaa sakafuni kati ya maji yaliyomwagika, mikono imefunguka mapajani, anasubiri hukumu yake.

Siti alichukua simu, akampigia daktari. Ambrosi alisikia akisema wamefika salama, pampu imeungua, inatakiwa feni mpya ya mpira na gasketi yake, na ndiyo, kuna fundi, fundi ndiye aliyefunga valvu, ni mshenzi lakini injini anaijua. Upande wa pili pakaulizwa kama si yeye mwenyewe aliyesahau kuifungua. Siti aligeuka kutazama bahari, na alipojibu sauti yake ilivunjika katikati.

"Hapana, daktari," alisema. "Mimi niliifungua. Nakumbuka vizuri kabisa. Mimi niliifungua."

Akalirudia mara ya tatu, ingawa simu ilikuwa imeshakatwa.